Uzi: Kusoma na imla ni masomo mawili, au ni somo moja lililokatwa katikati?

1. Mwalimu wa Kibaoni (mtoa mada)
Habari za jioni, wadau. Ninafundisha darasa la kwanza na la pili katika shule ya msingi ya serikali mkoani Tabora, na ninaomba mawazo yenu juu ya jambo linalotugawa ofisini. Katika ratiba yetu Kusoma kina vipindi vyake na Kuandika kina vipindi vyake, kila kimoja cha dakika 30, na wanaovishika ni walimu wawili tofauti: mimi nina Kuandika, mwenzangu ana Kusoma. Imla imewekwa upande wa Kuandika. Linalonishangaza ni watoto wanaosoma ukurasa mzima bila kukwama, lakini nikiwasomea sentensi kutoka ukurasa uleule ili waandike, ninaletewa "baba ana soma balua ya mjomba". Nikimrudishia mtoto daftari alisome, analisoma kwa kujiamini kabisa, na kosa halioni. Je, tatizo ni kwamba tumetenganisha vitu viwili ambavyo vingefundishwa pamoja, au ni kwamba kuandika maneno kwa usahihi kunahitaji somo lake, nasi hatulifundishi vya kutosha?

2. Mchonga Kalamu
Ahsante kwa mada. Viunganishwe, na mapema. Kutenga tahajia, yaani kuandika maneno kwa herufi sahihi, kama somo ni desturi tuliyoirithi kutoka kwa Waingereza, ambao lugha yao inailazimu. Mtoto wa Kiingereza akishajua sauti za herufi bado hajui kwa nini "though", "through" na "cough" hazifanani kwa sauti, kwa hiyo anahitaji orodha ya maneno ya kukariri kila wiki. Kiswahili kina irabu tano, na kila moja inasomeka vilevile popote ilipo. Mtoto akijua silabi amejua kusoma, na akijua kusoma amejua kuandika. Tanzania yenyewe haijawahi kuvitenganisha rasmi. Ni walimu wakuu wanaopanga ratiba wanavyotaka.

3. Mkufunzi wa Chuo
Ndugu Mchonga Kalamu, hilo la mwisho si sahihi. Mtaala wa darasa la kwanza na la pili ulioanza kutumika mwaka 2015, ule tunaouita wa KKK, uliutaja umahiri wa kusoma, wa kuandika na wa kuhesabu kila mmoja peke yake, na vitabu vya wanafunzi vikatoka kwa mpangilio huohuo. Kwa hiyo mwalimu mkuu wa mtoa mada hajabuni chochote. Unaweza kusema mgawanyo huo haufai, lakini usiseme haupo.

4. Bi Mkubwa Mstaafu
Wanangu, nimefundisha madarasa ya chini tangu enzi za UPE, ule mpango wa elimu ya msingi kwa wote, hadi nilipostaafu, na ninataka kumtetea imla kabla hajazikwa. Sisi tulifundishwa kwa kutaja herufi: be na a, ba; be na e, be; darasa zima kwa pamoja, kwa mahadhi. Njia hiyo ilikuwa na ubaya wake, lakini haikumwacha mtoto asome neno asiloweza kulivunja. Mlipoiondoa, kiitikio mkakibakiza. Mwalimu anasoma sentensi, darasa linaitikia, na baada ya siku chache watoto wote "wanasoma" ukurasa ule, hata aliyeshika kitabu juu chini. Katika darasa lenye watoto zaidi ya 100 huwezi kumsikiliza mmoja mmoja. Ni imla pekee inayokuambia nani anajua herufi na nani anaimba, kwa sababu kwenye daftari hakuna wa kumwitikia. Ninashuku kwamba watoto wa mtoa mada wanaosoma bila kukwama hawasomi. Mwalimu, wape ukurasa ambao hawajawahi kuuona, kisha urudi utuambie.

5. Msomaji wa Ilala
Shikamoo, Bi Mkubwa. Mimi si mwalimu, ni mzazi. Mwanangu yuko shule ya mchepuo wa Kiingereza, na kila Alhamisi usiku nyumba nzima hailali kwa sababu Ijumaa kuna mtihani wa tahajia. Anapata alama zote, kisha Jumatatu akiandika insha anaandika maneno yaleyale vibaya. Kwa hiyo hata huko Kiingereza kwenyewe sina hakika kwamba somo la peke yake linasaidia. Linasaidia kufaulu Ijumaa.

6. Mkufunzi wa Chuo
Nimrudie Mchonga Kalamu, kwa kuwa hoja yake ya msingi ina nusu ya ukweli. Philip Seymour na wenzake walichapisha mwaka 2003 utafiti uliolinganisha watoto wanaoanza kusoma katika lugha 13 za Ulaya. Mwishoni mwa mwaka wa kwanza wa shule, watoto wa Finland walikuwa wanasoma kwa usahihi karibu maneno yote ya kawaida waliyopewa, asilimia 98, ilhali watoto wa Scotland, wanaosoma Kiingereza, waliyapata asilimia 34 tu. Kifini kinaandikwa kinavyotamkwa, kama Kiswahili. Hapo unaweza kusema mfumo wa maandishi unaamua kasi ya kujifunza. Lakini utafiti huo ulipima kusoma. Kuhusu kuandika Kiswahili, Katie Alcock na Damaris Ngorosho walichapisha mwaka huohuo wa 2003 uchunguzi wa makosa ya watoto wa Tanzania, na msimamo wao ulikuwa kwamba kujifunza tahajia ya lugha inayoandikwa kwa utaratibu si jambo jepesi.

7. Tafuta Uthibitisho
Mkufunzi, ongeza jambo moja ili wasomaji wasidanganyike na tarakimu. Mtoto wa Finland huanza darasa la kwanza akiwa na miaka saba. Wale wa Scotland walikuwa na miaka kama mitano. Mwaka wa pili wa shule Waskoti hao walifika asilimia 76. Sehemu ya tofauti inaweza kuwa umri wala si herufi. Ninalisema kwa sababu hapa kwetu kuna wanaotaka mtoto wa miaka minne aandikishwe imla ili baba yake apate la kujivunia msibani.

8. Mchonga Kalamu
Tafuta Uthibitisho, hata msibani hutuachi? Nakubali umri una sehemu yake. Lakini asilimia 76 baada ya miaka miwili bado ni chini ya 98 baada ya mmoja. Na Bi Mkubwa, kwa heshima zote, imla kama kipimo cha kugundua waimbaji haimaanishi imla ni somo. Kipimajoto kinagundua homa, na hakuna hospitali yenye idara ya vipimajoto.

9. Bi Mkubwa Mstaafu
Umenichekesha, mjukuu wangu, lakini homa ya darasani inatibiwa kwa kipimo hichohicho. Mtoto anayelazimika kuandika "mjomba" anaisikiliza ile "m" ya mwanzo kwa mara ya kwanza maishani mwake. Alipokuwa anasoma aliipita tu.

10. Mzawa wa Musoma
Ninadhani Bi Mkubwa amegusa jambo ambalo mtoa mada amelikaribia bila kulitaja. Tazameni ile "balua". Mtoto aliyezoea lugha isiyotofautisha "r" na "l" anaiona "barua" kitabuni, anaitamka "balua" kwa mdomo wake, akili yake inaelewa kwamba ni karatasi yenye habari, na kazi ya kusoma imekamilika bila hasara yoyote. Wala mwalimu hamsahihishi, kwa sababu huenda naye anatamka hivyohivyo. Lakini ukimwambia aandike, sasa anatakiwa kuchagua herufi moja kati ya mbili, na mdomo wake haumpi msaada. Huku kwetu Mara ni kinyume: watoto wengi wanaelekea kwenye "r", wanaandika "kurara" na "chakura". Kwa hiyo mtoa mada asishangae kwamba mtoto analisoma kosa lake bila kuliona. Kwake hakuna kosa. Sauti iliyotoka ndiyo aliyoitarajia. Kusema kwamba Kiswahili kinaandikwa kinavyotamkwa ni kweli kwa yule tu anayekitamka kama kinavyoandikwa, na huyo ni mtoto wa mahali fulani, si wa kila mahali.

11. Mtoto wa Mvita
Hata wa mahali fulani ni wachache kuliko mnavyofikiri. Mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 ulichagua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu, na sisi ambao Kiswahili ni lugha ya mama tangu enzi za mababu tukabaki tunaandika lugha ya majirani. Nyumbani ni "ndoo", shuleni ni "njoo". Nyumbani ni "mato", shuleni ni "macho". Mtoto wa Kimvita aliyeandika "watoto wanateka" alimaanisha kwamba wanacheka, na mwalimu kutoka bara akadhani wako kisimani. Hilo si kosa la kusoma wala la tahajia. Ni mtoto anayefasiri kutoka lahaja moja kwenda nyingine huku muda unakwisha.

12. Mtu wa Lubumbashi
Salamu kutoka Kongo. Ninyi mnazungumza kana kwamba kusoma na kuandika vinaelekea njia moja, lakini Kifaransa kitawaonyesha kwamba vinaweza kuachana kabisa. Mtoto akiona "o", "au" au "eau" anajua mara moja kwamba sauti ni moja, kwa hiyo kusoma hakumsumbui sana. Lakini akiisikia sauti hiyo katika imla, aandike ipi? Akisikia "il parle" na "ils parlent" hazina tofauti sikioni, ila kwenye daftari tofauti ni ya sarufi nzima. Ndiyo maana shule zetu zina kipindi cha kusoma na kipindi cha imla, na hakuna anayeuliza kwa nini. Sasa hapa Lubumbashi wengi tunasema "feza" na "zahabu". Kitabu cha Kiswahili kinataka "fedha" na "dhahabu". Kwa mtoto wetu, Kiswahili cha kitabuni kinafanya kama Kifaransa: kusoma ni rahisi, kuandika ni kubahatisha. Ninakubaliana na ndugu wa Musoma.

13. Mwalimu wa Kibaoni
Ahsanteni sana. Bi Mkubwa, nimefanya ulivyoniagiza. Nimewapa aya mpya kutoka kitabu cha shule nyingine, nikawaita mezani mmoja mmoja wakati wa mapumziko. Kundi dogo lilinyamaza kimya. Hao walikuwa waimbaji kweli. Lakini wengi waliisoma, polepole zaidi ya kawaida, na wakanieleza aya inahusu nini. Kwa hiyo maelezo yako yanafafanua baadhi tu. Kisha nikakaa na madaftari ya imla, nikatenga makosa kwa aina. "R" na "l" yapo kwa wingi, kama alivyotabiri Mzawa wa Musoma. Lakini kuna rundo jingine ambalo halihusiani na matamshi hata kidogo: "ana soma", "nita kwenda", "kwasababu", "ha tujui". Kuna "h" zinazopotea, kama "uyu" na "apa", na nyingine zinazojileta zenyewe, kama "hasante". Kuna irabu mbili zinazokuwa moja: "mze", "kondo", "jogo". Na kuna "ngombe" bila ile alama yake juu. Sijui niyaweke yote kwenye kapu moja au la.

14. Mkufunzi wa Chuo
Usiyaweke kapu moja. "Ana soma" ni kosa la sarufi. Sikio haliwezi kumwambia mtoto neno linaishia wapi, kwa kuwa anapozungumza hakuna nafasi kati ya "ana" na "soma", na hakuna pia kati ya "kwa" na "sababu". Anayekata "ana soma" ameshagundua, bila kufundishwa, kwamba "soma" ni kipande kinachojitegemea kwa maana. Ni mwanafunzi mwerevu. Anachohitaji ni kuona maneno mengi yaliyochapwa, yaani kusoma zaidi, kuliko kuandikishwa imla zaidi. "Mze" na "kondo" ni jambo la kusikiliza urefu. "Ngombe" ni alama aliyosahau, ambayo kwa kweli hata magazeti huisahau. Ukiyachukua makosa haya moja moja, baadhi yanatibiwa katika kipindi cha kusoma, baadhi katika mazungumzo, na machache tu katika imla.

15. Mwalimu wa Kakamega
Kutoka Kenya, niongeze uzoefu wa darasani. Mpango wa Tusome ulipoenea nchini kote mwaka 2015, kwa Kiingereza na Kiswahili katika darasa la kwanza na la pili, tulipewa miongozo ya mwalimu ya somo kwa somo, na kila mtoto akawa na kitabu chake. Sauti, silabi, maneno, hadithi fupi na kuandika viliwekwa pamoja, kama anavyotaka ndugu Mchonga Kalamu. Watoto wangu walisoma vizuri zaidi kuliko hapo awali, hilo sitalikana. Lakini kuandika kulikuwa mwishoni mwa somo, na mwisho wa somo ndipo kengele inapolia. Kila siku tuliahirisha. Ukiunganisha vitu viwili katika kipindi kimoja, kimoja kitakula cha mwenzake, na kitakacholiwa ni kile kinachomtaka mwalimu asahihishe madaftari.

16. Tafuta Uthibitisho
Na kile kisichopimwa na wageni. Watafiti wa Uwezo, wale wanaopima watoto majumbani, wanapokuja, wanampa mtoto silabi, maneno, aya na hadithi, asome mbele yao. Upimaji wa EGRA, yaani wa stadi za kusoma za madarasa ya awali, uliofanyika Tanzania mwaka 2013 ulihesabu maneno anayosoma mtoto kwa dakika. Ripoti zinaandikwa kuhusu kusoma, fedha zinatafutwa kwa ajili ya kusoma, na imla inabaki na Bi Mkubwa.

17. Bi Mkubwa Mstaafu
Nami sina bajeti.

18. Ustadhi wa Tanga
Assalaam alaykum. Mnaotaka kuona kusoma na kuandika vikiwa vimetengana kabisa, karibuni madrasa. Wapo vijana wangu wanaosoma Juzuu Amma, sehemu ya mwisho ya Kurani, kwa tajwidi safi, kila herufi katika mahali pake pa kutamkiwa, lakini ukiwaomba waandike aya moja bila kuitazama hawawezi, kwa sababu hatukuwafundisha kuandika, tuliwafundisha kisomo. Hawadhani kwamba wamepungukiwa, na kwa lengo tulilokuwa nalo hawajapungukiwa. Kisha wapo wazee wetu wa pwani walioandika Kiswahili kwa hati ya Kiarabu, ambapo herufi moja, ile "ba", mara nyingi ilisimama kwa "b", "p" na "mb". Kuandika kwao kulikuwa kwepesi. Kusoma ndiko kulikohitaji mtu anayeijua lugha na anayeujua utenzi wenyewe. Kwa hiyo aliyesema kwamba anayejua kusoma amejua kuandika aje tumfanyie mtihani.

19. Mchonga Kalamu
Ustadhi, mtihani wako ninaukimbia. Lakini tazama: umethibitisha kwamba watoto wako hawaandiki kwa sababu hawakufundishwa. Hoja yangu ni juu ya watoto wanaofundishwa vyote viwili na walimu wawili wasiozungumza. Mtoa mada amekiri kwamba anafundisha Kuandika na mwenzake anafundisha Kusoma. Je, anajua mwenzake amefika sauti ipi wiki hii?

20. Mwalimu wa Kibaoni
Sikujua hadi nilipomuuliza baada ya kusoma uzi huu. Yeye alikuwa kwenye silabi za "gha" na "dha", mimi ninaandikisha maneno ya "mb" na "nd". Tena niseme ukweli kuhusu kipindi changu: sehemu kubwa ni kunakili. Ninaandika ubaoni, wanaandika daftarini, ninapita nikisahihisha mwandiko, kama herufi zinakaa juu ya mstari na kama "g" ina mkia. Mtoto anaweza kunakili kwa mwandiko mzuri sentensi asiyoweza kuisoma. Nimewaona.

21. Mama wa Wawili
Nimefuatilia kimyakimya, ila hapo nimeguswa. Binti yangu mkubwa ana mwandiko unaopendeza kuliko wangu na alikuwa hasomi kitu. Alisifiwa miaka miwili kwa kunakili. Wa pili ni kinyume chake: anasoma kila anachokiona, mpaka maandishi ya kwenye mifuko ya saruji, na tahajia yake ni balaa. Nyumba moja, Kiswahili kimoja, shule moja, walimu walewale. Nadharia za lahaja na za ratiba haziwatenganishi wanangu hawa wawili.

22. Mzawa wa Musoma
Mama wa Wawili, huyo wa pili je, makosa yake ni ya aina gani? Akikosea "r" na "l" ni jambo moja. Akiruka silabi nzima, akaandika "kibu" badala ya "kitabu", ni jambo jingine.

23. Mama wa Wawili
Anaruka. Na anabadilisha mpangilio: "kabati" inakuwa "katabi".

24. Mkufunzi wa Chuo
Basi huyo aangaliwe kwa ukaribu na mtu aliyesomea elimu maalumu, bila kumtisha. Wapo watoto ambao shida yao haionekani katika kusoma lugha inayoandikwa kwa utaratibu, kwa sababu maana ya sentensi inawabeba, na inajitokeza wanapotakiwa kulijenga neno wenyewe. Hii ni sababu nyingine ya imla kubaki, hata kama si kama somo.

25. Tafuta Uthibitisho
Kwa Wamarekani wa zamani mambo yalikuwa yamegeuzwa: tahajia ndiyo iliyotangulia. Kitabu cha Noah Webster cha mwaka 1783 kilimpitisha mtoto kwenye herufi na silabi, akizitaja kwa sauti, kabla ya kumfikisha kwenye masomo ya kusoma. Bi Mkubwa na "be na a, ba" yake angepata kazi huko siku hiyohiyo.

26. Bi Mkubwa Mstaafu
Ningewafundisha na mahadhi. Sasa, mwalimu, acha hawa wabishane, nikwambie la kufanya. Kaa na mwenzako Ijumaa, chagueni sauti za wiki. Asubuhi yeye awasomeshe maneno hayo. Wewe kipindi chako ukianza, wafunge vitabu, uwaandikishe maneno matano tu, si kumi. Litamke neno polepole, wao walirudie kabla ya kuandika, ili wasikie midomo yao inavyosema. Kisha wabadilishane madaftari, kila mtoto amsomee mwenzake alichokiandika, herufi kwa herufi. Usisahihishe wewe kwanza. Na usimpige mtu kwa kosa la imla. Enzi zetu ilikuwa fimbo moja kwa neno moja, na wapo waliojifunza kuandika herufi isiyosomeka makusudi, ili mwalimu asijue kama ni "r" au "l".

27. Mtoto wa Mvita
Bi Mkubwa, kumbe nilikuwa darasani kwako!

28. Mwalimu wa Kakamega
Maneno matano ninaunga mkono, lakini katika darasa la watoto 100 kubadilishana madaftari kutaligeuza darasa kuwa soko. Mimi huwaita wanne ubaoni, wanaandika wakiwa wamewapa wenzao mgongo, na darasa linasahihisha.

29. Msomaji wa Ilala
Hao wanne je, si wataaibika?

30. Mwalimu wa Kakamega
Siku mbili za mwanzo. Baadaye wanagombea chaki.

31. Mwalimu wa Kibaoni
Tumekubaliana na mwenzangu kukutana Ijumaa. Wiki ijayo tutaanza na "barua", "jogoo", "ng'ombe", "huyu" na sentensi "mjomba anasoma". Mwalimu mkuu hataki kugusa ratiba, kwa hiyo kwenye karatasi yatabaki masomo mawili. Nina swali dogo la usahihishaji: mtoto akiandika "ana soma", nihesabu kosa moja au mawili?

32. Mkufunzi wa Chuo
Moja. Kila herufi iko mahali pake.

33. Bi Mkubwa Mstaafu
Mawili. Ameandika maneno mawili, na yote mawili siyo neno nililomtajia.

34. Mchonga Kalamu
Sifuri, mpaka siku mtakapomfundisha neno linaishia wapi. Na hilo, mtoa mada, liko kwenye kipindi cha nani?